Hoteli Yenye Kasino Inakuja Mtaani: Mwongozo Kamili wa Kuandika Pingamizi Litakalosikizwa, Kisumu na Nakuru

Barua za wakazi dhidi ya majengo makubwa ya burudani hushindwa kwa sababu zile zile. Zinafika siku zikiwa zimekwisha. Hazitaji namba ya kiwanja. Zimejaa uchungu kuhusu vijana kupotea, ilhali ofisi inayozisoma haiamui mambo ya maadili. Inaamua matumizi ya ardhi. Baadaye lori la mchanga linafika, wakazi wanafunga barabara, na mwenye mradi anatoa kibali kilichopigwa muhuri wiki kadhaa nyuma.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Milimani, Tom Mboya au Riat upande wa Kisumu, na wa Section 58, Kiamunyi au Milimani ya Nakuru, aliyesikia kwamba ploti ya jirani itageuzwa kuwa hoteli kubwa yenye kasino. Utaratibu ni mmoja kaunti zote mbili, kwa kuwa sheria inayotawala ni moja: Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Vinavyotofautiana ni ofisi, ada na kasi ya makarani.

Si lazima uwe na hati miliki ndipo upinge. Sheria inaalika wananchi, haialiki wenye ploti pekee. Mpangaji anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi ana haki ya kuandika sawa na mwenye nyumba wake.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Picha ya tangazo la mradi, liwe la gazetini au la ubao uliosimamishwa kwenye kiwanja. Tarehe ionekane.
- Namba kamili ya kiwanja. Mijini humu mara nyingi huandikwa kwa mtindo wa "Kisumu Municipality Block" au "Nakuru Municipality Block", kisha namba ya bloku na ya ploti.
- Akaunti ya eCitizen na pesa kidogo ya ada ya kukagua rejesta ya ardhi.
- Ramani ya eneo. Iliyochapishwa kwenye saiba (duka la intaneti) kutoka kwenye simu inatosha kuanzia.
- Daftari moja la kuandika kila ziara ya ofisi: tarehe, dawati ulilohudumiwa, ulichoambiwa.
- Nakala tatu za kila barua. Moja ya ofisi, moja yako yenye muhuri, moja ya akiba.
- Majirani wasiopungua watano wanaokubali kuandika kwa majina yao wenyewe.

Wakili si wa lazima katika hatua za mwanzo. Utamhitaji mkifika kwenye rufaa, na kazi yake itakuwa nyepesi mkimpa faili iliyopangwa.

## Hatua ya 1: Jua mradi unapita milango mingapi

Kasino haijengwi kwa kibali kimoja. Kuna idhini kuu nne, kila moja ina ofisi yake na saa yake.

Ya kwanza ni kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka makazi hadi biashara, pamoja na kibali cha ramani za ujenzi. Ya pili ni leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira. Ya tatu ni leseni ya kamari. Ya nne ni leseni ya pombe, kwa sababu hoteli ya namna hii haikosi baa.

Weka nguvu zako nyingi kwenye ya kwanza. Kiwanja kikishabadilishwa kuwa cha biashara, ofisi nyingine zote zinaanza kuliona eneo kama la biashara, na hoja yako ya "hapa ni makazi" inabaki bila miguu.

Ukiambiwa kwamba "mambo ya kasino ni ya Nairobi," usigeuke urudi nyumbani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezitaja kasino pande zote mbili: miongoni mwa kazi za serikali ya kitaifa na miongoni mwa kazi za kaunti. Mipango ya ardhi nayo ni kazi ya kaunti. Hata sheria mpya ya kudhibiti kamari ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, haijamwondolea waziri wa kaunti anayesimamia ardhi wajibu wa kuamua ni wapi jengo la namna gani litasimama.

Umefanikiwa ikiwa: una karatasi moja yenye safu nne, na katika kila safu umeandika jina la ofisi, idhini imefika wapi, na siku ya mwisho ya kupinga.

## Hatua ya 2: Soma tangazo mara mbili

Anayeomba kibali anatakiwa na sheria kuutangazia umma na kualika pingamizi. Tafuta tangazo kwenye kurasa za matangazo madogo ya magazeti ya kitaifa na kwenye ubao ulio kiwanjani. Ubao mwingine husimamishwa upande wa ua usiopitwa na watu. Zunguka kiwanja chote.

Piga picha siku ile ile, moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha ubao ulivyosimama. Ubao ukiwa umefichwa nyuma ya michongoma, picha hiyo ya pili ni ushahidi kwamba umma haukujulishwa ipasavyo.

Sasa soma maneno. Neno "kasino" linaweza lisionekane kabisa. Tafuta maneno yanayoweza kulibeba: hoteli ya kitalii, kituo cha burudani, ukumbi wa starehe, matumizi ya kibiashara. Tangazo likisema tu "kutoka makazi hadi biashara", umeshapata hoja yako ya kwanza: mwombaji hakueleza biashara gani, na idhini ya jumla kama hiyo inafungua mlango kwa lolote litakalofuata.

Hesabu siku. Matangazo mengi ya aina hii hutoa siku 14 tangu kuchapishwa. Zihesabu kuanzia tarehe ya gazeti, usianzie siku uliyotumiwa picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa.

Tahadhari: usijifariji kwamba kaunti ikikaa kimya mradi umelala. Sheria ya 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa. Kimya cha ofisi kinamfaa mwombaji, hakikufai wewe. Wakazi wengi wamenaswa hapa.

## Hatua ya 3: Kagua rejesta ya ardhi

Omba ukaguzi rasmi wa kiwanja kwenye rejesta. Unatafuta mambo matatu: mmiliki ni nani, ardhi ni ya kumilikiwa moja kwa moja au ya kukodishwa kutoka serikalini, na kama kuna zuio lolote lililosajiliwa.

Jambo la pili ndilo lenye utajiri. Ploti nyingi za mitaa ya zamani katika miji yetu ni za kukodishwa, na hati zake za kukodisha huwa na masharti maalumu. Moja linalopatikana mara kwa mara ni kwamba ardhi itumike kwa nyumba ya kuishi tu. Waziri wa kaunti anapoamua ombi, sheria inamtaka azingatie masharti hayo. Ukipata nakala ya hati yenye sharti hilo, inukuu neno kwa neno katika barua yako. Hoja moja ya namna hiyo inazidi kurasa tano za malalamiko.

Kama muhtasari wa rejesta haukuonyesha masharti, omba nakala ya hati yenyewe kwenye faili ya ardhi. Ni ziara ya ziada, lakini usiiruke.

## Hatua ya 4: Omba faili ya mradi

Andika barua fupi kwa idara ya ardhi na mipango ya miji ya kaunti, ukiomba kuona ripoti ya mtaalamu wa mipango aliyeandaa ombi, ramani za jengo na maoni ya idara nyingine. Taja Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inaipa ofisi siku 21 za kujibu.

Utaona tatizo mara moja: una siku 14 za kupinga, ofisi ina siku 21 za kujibu. Kwa hiyo omba faili siku ya kwanza, lakini usisubiri jibu ndipo uandike pingamizi. Andika kwa ulichonacho, kisha ongeza sentensi moja: "Tunahifadhi haki ya kuongeza hoja tutakapopewa nyaraka tulizoomba tarehe fulani." Sentensi hiyo inaonyesha kwamba kuchelewa kulitoka kwao.

Ukinyimwa, Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman, ndiyo inayopokea malalamiko ya kunyimwa habari. Ina tawi Kisumu.

## Hatua ya 5: Amueni mnataka nini

Kaeni kikao kabla ya kuandika. Jukumu la kikao ni kujibu swali moja: tunataka ombi likataliwe kabisa, au tunaweza kuishi na hoteli isiyo na kasino, au na kasino yenye masharti?

Wapo majirani watakaosema hoteli italeta kazi. Wasikilizeni kwa heshima. Vijana wa Nyalenda au Rhonda wanaotafuta kibarua ni watu wetu, na mtaa uliogawanyika hadharani unampa mwombaji hoja ya bure.

Ushauri wangu ni kuomba mambo mawili kwa mpangilio: kwanza kukataliwa, na pili, iwapo waziri ataidhinisha, masharti mahususi. Wengine huogopa kwamba kutaja masharti ni kukubali kushindwa. Sikubaliani nao. Waziri ana uwezo wa kuidhinisha kwa masharti, na kama hukuyapendekeza wewe, atayaandika mtu asiyelala karibu na ukuta huo.

Andikeni kumbukumbu za kikao na orodha ya waliohudhuria. Wekeni mtu mmoja wa kuzungumza na ofisi. Asiende kuonana na mwekezaji peke yake, na asipokee chochote kutoka kwake, hata nauli.

## Hatua ya 6: Kusanya ushahidi wa ardhi

Hapa ndipo pingamizi hujengwa au huanguka. Kila hoja iguse kitu ambacho afisa wa mipango anaweza kukipima.

Mpango wa mji. Waziri anafungwa na mipango ya matumizi ya ardhi iliyoidhinishwa. Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji Desemba 2021, na Kisumu, zote zina mipango mikuu ya maendeleo ya mji. Nenda idara ya mipango, omba kuonyeshwa ramani ya matumizi ya ardhi, na uangalie kiwanja kimepakwa rangi gani. Kikiwa kwenye makazi, taja jina la mpango, mwaka wake na ukurasa wa ramani. Kikiwa tayari kwenye eneo la biashara au mchanganyiko, hoja yako ni dhaifu hapo. Elekeza nguvu kwenye kelele, magari na maji.

Kelele. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika eneo la makazi. Usiku kwa mujibu wa kanuni unaanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na hapa kuna jambo ambalo wakazi hulikosa: kwa eneo la mchanganyiko wa makazi na biashara, na hata kwa eneo la biashara tupu, kikomo cha usiku kinabaki 35. Kwa hiyo mwombaji akisema "mtaa huu umeshabadilika, kuna maduka kila kona," mjibu kwamba mchana kikomo kinapanda, usiku hakipandi. Na kasino hufanya kazi usiku. Desibeli 35 ni kimya cha nyumba iliyolala. Muziki, jenereta na honi za teksi zinakipita kwa urahisi.

Programu ya simu inaweza kukupa makadirio ya hali ilivyo sasa. Yaandike kama makadirio, usiyaite vipimo rasmi.

Magari. Chagua Ijumaa jioni na Jumamosi usiku. Mketi wawili kwenye makutano ya kuingia mtaani, mhesabu magari na bodaboda kila robo saa. Pimeni upana wa barabara kwa utepe. Kisha ulizeni kwa maandishi: wageni wataegesha magari mangapi ndani ya kiwanja, na yatakayobaki yataegeshwa wapi? Kama barabara ni nyembamba kiasi kwamba gari la zima moto halipiti magari yakiwa yameegeshwa upande mmoja, pigeni picha mkiwa mmeegesha hivyo hivyo.

Maji na maji taka. Sehemu nyingi za pembezoni mwa miji hii miwili hazina bomba la maji taka. Watu wanatumia matangi ya chini ya ardhi na lori la kunyonya. Hoteli yenye vyumba, jikoni, kufulia na bwawa la kuogelea inazalisha maji taka ya kiwango kingine kabisa. Andikieni kampuni ya maji, KIWASCO kwa Kisumu au NAWASSCO kwa Nakuru, mkiuliza kama kiwanja kimeunganishwa na bomba na kama mfumo unaweza kubeba mzigo huo. Barua ya majibu, hata ikiwa ya mistari mitatu, iambatanishwe. Weka pia ratiba ya mgao wa maji mtaani kwenu.

Shule na nyumba za ibada. Chora duara kwenye ramani. Sheria ya vileo ya 2010 inataka sehemu ya kunywea pombe iwe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto walio chini ya miaka 18, na kaunti zina sheria zao za vileo. Taja kila shule kwa jina na umbali. Hii ndiyo njia ya kulileta suala la vijana kwenye barua bila kuhubiri: unataja mita, unataja sheria, basi.

Ukubwa wa jengo. Ghorofa ngapi, na madirisha yanatazama ua wa nani? Pigeni picha ya nyumba za jirani ili tofauti ya kimo ionekane.

Kuna mambo matatu ya kuacha nje. Usimtuhumu mwombaji kutakatisha pesa au kuhonga. Huna ushahidi, na unaweza kushtakiwa kwa kumharibia jina. Usiandike kuhusu kabila au dini yake. Na usitegemee hoja ya kushuka kwa thamani ya nyumba bila ripoti ya mthamini, kwani mwombaji atasema biashara inapandisha bei ya ardhi, na ninyi hamtakuwa na cha kumjibu.

Umefanikiwa ikiwa: kila hoja ina kiambatisho chake chenye namba: picha, ramani, hesabu au barua.

## Hatua ya 7: Andika barua

Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ila maelezo ya kiwanja na jina la mradi yaandike vile vile yalivyo kwenye tangazo, herufi kwa herufi, ili karani asikosee faili.

Kurasa mbili zinatosha. Umbo lake liwe hivi:

> Kwa: Waziri wa Kaunti wa Ardhi na Mipango ya Miji
> Nakala: Meneja wa Jiji, NEMA (ofisi ya kaunti), Mwakilishi wa Wadi
>
> KUH: PINGAMIZI DHIDI YA OMBI LA KUBADILISHA MATUMIZI YA KIWANJA (namba kamili), TANGAZO LA (gazeti na tarehe)
>
> 1. Mimi ni mkazi wa (namba ya nyumba au ploti), umbali wa mita (…) kutoka kiwanja kilichotajwa.
> 2. Ninapinga ombi hili chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.
> 3. Hoja zangu:
> (a) Mpango wa mji unaonyesha kiwanja kiko eneo la makazi. Tazama kiambatisho 1.
> (b) Hati ya kukodisha ina sharti lisemalo "…". Kiambatisho 2.
> (c) Shughuli za usiku zitavuka desibeli 35 zinazoruhusiwa. Kiambatisho 3.
> (d) Barabara ina upana wa mita (…) na tayari inabeba magari (…) kwa saa. Kiambatisho 4.
> (e) Hakuna bomba la maji taka. Kiambatisho 5.
> 4. Ninaomba ombi likataliwe.
> 5. Iwapo litaidhinishwa, ninaomba masharti haya: kasino na ukumbi wa muziki visiruhusiwe, lango la magari lisiwe upande wa barabara ya mtaa, magari yote yaegeshwe ndani, jenereta iwekwe kwenye chumba kinachozuia sauti, mtambo wa kusafisha maji taka ukamilike kabla ya kufunguliwa.
> 6. Ninaomba nijulishwe uamuzi kwa maandishi na nialikwe kwenye kikao chochote kitakachojadili ombi hili.
>
> Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi, tarehe.

Kipengele cha 6 kinaonekana kidogo, lakini ndicho kitakachokusaidia baadaye ukitaka kuonyesha kwamba uliomba kujulishwa na hukujulishwa.

Je, ni bora barua moja yenye sahihi mia mbili, au barua kumi tofauti? Naona barua kumi za watu wanaopakana na kiwanja zina uzito zaidi. Fanyeni zote mbili mkiweza. Kwenye orodha ya sahihi, kila mtu aandike ploti au nyumba anayoishi, la sivyo mwombaji atasema waliosaini ni wapita njia. Msikopi barua moja mara kumi. Anayeishi mkabala na lango aandike habari za magari; aliye nyuma ya jikoni aandike moshi na kelele.

## Hatua ya 8: Ipeleke kwa mkono, utoke na muhuri

Peleka kwenye dawati la kupokea barua la idara, nakala mbili. Zote zipigwe muhuri wenye tarehe. Rudi na moja. Siku hiyo hiyo tuma pia kwa baruapepe iliyotajwa kwenye tangazo, ili kuwe na alama ya pili.

Karani akikuambia uiache tu, ataipiga muhuri baadaye, mwombe kwa upole aipige ukiwa hapo. Akikataa, itume kwa njia ya posta ya rejista au ya kampuni ya vifurushi inayotoa risiti. Pingamizi lisilo na uthibitisho wa kupokelewa, kwa kamati ya rufaa na kwa mahakama, ni kama halikuwahi kuandikwa.

Ukiitwa kwenye mkutano wa maoni ya wananchi, simama, taja jina na nyumba yako, soma hoja zako zile zile, na uombe ziandikwe kwenye kumbukumbu.

## Hatua ya 9: Usisahau NEMA

Mtaalamu wa mazingira wa mwombaji anaweza kupita nyumba kwa nyumba na dodoso, au kuitisha kikao chini ya mti na kupitisha karatasi ya mahudhurio. Soma kabla ya kutia sahihi. Karatasi hiyo huweza kuambatanishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba majirani walishauriwa, na asomaye Nairobi hajui kwamba ulisaini kwa sababu ulikunywa soda. Jaza dodoso, andika "ninapinga" kwa herufi kubwa pamoja na sababu, na ulipige picha kabla ya kulirudisha.

Mradi ukihitaji ripoti kamili ya tathmini ya mazingira, NEMA huitangaza na kualika maoni ya umma. Soma siku zilizotajwa. Peleka barua ile ile, ila badilisha mpangilio: maji taka, kelele na taka ngumu zitangulie.

Leseni ikitolewa na hukuridhika, rufaa inakwenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Usitegemee kwamba kukata rufaa peke yake kunasimamisha ujenzi. Omba waziwazi amri ya kusimamisha kazi, kwenye karatasi zile zile za rufaa.

## Hatua ya 10: Uamuzi ukitoka, una siku 14

Tembelea ofisi kila wiki kuuliza. Uamuzi usipokupendeza, rufaa inapelekwa kwa kamati ya rufaa za mipango ya ardhi ya kaunti, iliyoundwa chini ya sheria ya 2019, ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Sheria inaitaka kamati nayo iamue ndani ya siku 14. Usiporidhika na kamati, ndipo unaingia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina vituo Kisumu na Nakuru.

Fuata ngazi hizo kwa mpangilio. Watu wa magharibi wana funzo la karibu katika kesi ya wakazi wa Kibos, Kisumu, dhidi ya viwanda, iliyofika Mahakama ya Upeo mwaka 2020. Wakazi walikuwa wamekwenda moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi wakapata ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikaufuta ikisema mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Mahakama ya Upeo ikaeleza kwamba masuala ya leseni yalipaswa kuanzia kwenye lile Jopo la Kitaifa la Mazingira, huku madai ya haki za kikatiba yakihifadhiwa mahakamani yakingoja. Kesi yenye hoja nzito inaweza kukwama miaka kwa kuanzia mlango usio wake.

Iwapo kaunti yako haina kamati inayokaa, andika barua ya kuuliza rufaa ipelekwe wapi, upate jibu au muhuri wa kupokelewa. Wakili ataitumia barua hiyo kueleza kwa nini mlikwenda mahakamani bila kupitia kamati.

## Hatua ya 11: Kibali kimetoka na masharti, sasa linda masharti

Omba nakala ya kibali na uisambaze kwa majirani. Gaweni masharti: mmoja aangalie lango, mwingine maegesho, mwingine mtambo wa maji taka. Wekeni picha zenye tarehe.

Ujenzi ukianza bila kibali, au ukikiuka masharti, mwandikieni waziri wa kaunti mkiomba atoe ilani ya kusimamisha na kurekebisha. Kujenga bila kibali ni kosa lenye faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mwenye hoteli kubwa faini hiyo ni ndogo. Kinachomuumiza ni kusimamishwa kazi. Kwa hiyo ombeni ilani kwanza, mashtaka baadaye.

Jengo likifika kwenye paa, rudini kwenye ile karatasi ya safu nne. Leseni ya kamari na ya pombe bado hazijatolewa, na leseni za namna hii huwa na muda wake na kuombwa upya. Waandikieni wadhibiti wa kamari na kamati ya vileo ya kaunti sasa, kabla mlango haujafunguliwa, mkiambatanisha kibali cha ujenzi kama hakikutaja kasino. Andikeni pia kwenye daftari tarehe ambayo kila leseni itakwisha, ili barua ya mwaka unaofuata iwe imeandaliwa mwezi mmoja kabla.